Nani Atakuamsha?

Somo letu limetoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Ni mstari usiopendwa mimbarani. Juu yake iko sheria ya kiota cha ndege, chini yake sheria ya mbegu za shamba la mizabibu, na msomaji mwenye haraka huuruka. Leo simameni nao. Musa, akiwa na watu waliolala mahemani miaka arobaini, anawaambia habari za ujenzi: atakayejenga nyumba mpya aweke kizuizi pembezoni mwa paa, ili mtu asije akadondoka na damu yake ikadaiwa kwa nyumba hiyo.

Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa bapa. Jioni watu walipanda juu kupunga upepo, walianika kitani huko, walilaza wageni huko. Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi juu ya paa lake. Sasa tazameni sheria inasema na nani. Haisemi na mgeni kwamba awe mwangalifu akiamka usiku kwenda haja. Haisemi na mtoto kwamba asikimbie. Inasema na mwenye nyumba, tena inamkamata mapema, zege likiwa bado bichi, kabla hajadondoka mtu yeyote. Akikaidi, kosa lake limeanza siku hiyo hiyo. Atakayeanguka baadaye atalianika tu hadharani.

Mwenye nyumba, nasema na wewe. Paa lako ni la bati na hakuna anayelala juu yake. Lakini nyumba yako ina ukingo wake, na ukingo huo uko ndani, chumbani, kati ya saa tano za usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ukingo huo ni moshi.

Wengi mnaamini kwamba moto ukizuka usiku, harufu itawaamsha. Mnaiamini pua. Nawaambia, pua inalala pia! Watafiti wameijaribu kwa watu waliolala fofofo: wakawapitishia harufu kali, na watu wakaendelea kukoroma. Sikio hubaki zamu. Pua huenda zake. Tena moshi haukuachi ulivyokuwa. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu na kuinyima hewa safi, na aliyelala huzidi kulala. Ndiyo maana wengi wanaokufa katika moto wa nyumba hawafi kwa ndimi za moto. Moshi unawamaliza kwanza, wengine wakiwa kitandani, shuka halijavurugika.

Na muda hauko upande wako. Zamani kitanda kilikuwa cha kamba, na godoro la sufi au usumba. Leo godoro ni la sponji, sofa ni la sponji, pazia ni la nailoni, zulia ni la plastiki, na vyote hivyo ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa na kushonewa kitambaa. Vikishika, chumba hakikupi dakika kumi. Kinakupa chache mno, pengine mbili au tatu, kisha moshi mweusi unashuka kutoka darini hadi kimo cha kitanda.

Sasa hebu tuikague nyumba uliyojenga. Una ukuta wa tofali, juu yake vipande vya chupa au waya wa umeme. Una geti la chuma. Una nondo kwenye kila dirisha, hadi dirisha la choo. Mlango wa mbele una kitasa, komeo, kisha mlango mwingine wa chuma nje yake wenye kufuli. Una mbwa. Una askari wa usiku mwenye tochi na kirungu. Vyote hivyo vinatazama nje! Mwizi tumemfungia nje, moto tumejifungia nao ndani. Sebuleni kuna king'amuzi cha televisheni kinacholipiwa kila mwezi ili usikose mpira. Darini hakuna kitu cha shilingi elfu kadhaa cha kukuambia kwamba soketi ya friji inaungua.

Natangaza bila kumung'unya: king'ora cha moshi ni kizuizi cha paa la nyumba zetu. Kinafanya kazi ya yule askari wa getini, ila hiki kinatazama ndani, hakisinzii, na hakiombi mshahara wala chai.

Nayajua majibu yenu, kwa maana nimeyasikia yote mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Mmoja anasema, nyumba yangu ya tofali, haiungui. Kweli, tofali haliungui. Wewe unaungua. Mwingine anasema, mimi nina mtungi wa kuzimia moto jikoni. Vizuri sana, lakini mtungi haujawahi kumwamsha mtu. Wa tatu anasema, mbwa atabweka. Mbwa yuko nje, na kila usiku anabweka, na kila usiku unamwambia anyamaze. Wa nne ndiye anayenisumbua, kwa sababu anatumia maneno ya kanisani: Mungu atatulinda. Ndugu yangu, Mungu huyo huyo ndiye aliyeamuru kizuizi cha paa! Angeweza kuahidi malaika wa kuwadaka wanaodondoka. Aliagiza ukuta. Anayekataa chombo cha kulinda watoto wake kwa jina la imani, imani hiyo ameitoa wapi? Gari lake analikatia bima, mlango wake anaupiga kufuli, halafu kwenye moto peke yake ndipo anapokuwa Ibrahimu.

Haya, tuingie dukani, maana toba bila matendo hainunui king'ora.

Vyombo hivi vinanusa kwa njia mbili. Ya kwanza hutumia chembe ndogo mno ya ameriki, metali yenye mnururisho, kuipa hewa iliyo ndani ya chombo chaji ya umeme. Moshi ukiingia, mkondo unapungua na king'ora kinalia. Mswisi Walter Jaeger ndiye anayetajwa kuwa baba wa njia hii, na aliigusa bila kuikusudia: miaka ya 1930 alikuwa akitafuta chombo cha kutambua gesi ya sumu, chombo kikamgomea, akawasha sigara kupoza hasira, na mshale wa kipimo ukacheza. Njia ya pili hutumia mwanga. Ndani ya kichumba cheusi mna taa ndogo isiyoangalia jicho la kupokea mwanga. Moshi ukiingia unautawanya mwanga, ukafika kwenye jicho, na king'ora kinapiga kelele.

Kipi cha kuchagua? Cha ameriki huwahi zaidi pale moto unapolipuka na kuwaka kwa ndimi, mathalani mafuta au karatasi. Cha mwanga huwahi zaidi pale moto unapofukuta: kipisi cha sigara ndani ya sofa, dawa ya mbu ya kuchoma iliyoangukia chandarua, waya wa extension uliozidiwa na pasi, simu inayochajiwa chini ya mto. Semeni wenyewe, moto wa nyumbani kwetu usiku unaanzaje? Unafukuta. Tena cha ameriki hupayuka kwa urahisi mtu akikaanga vitunguu. Kwa hiyo mimi nakuambia nunua cha mwanga. Ukipata chenye njia zote mbili ndani ya chombo kimoja, na mfuko unaruhusu, chukua hicho.

Lakini angalia usije ukaletewa bubu. Duka lile lile linauza vyombo viwili vinavyofanana mno, vyeupe, vya mviringo, na bei zake zinakaribiana. Kimoja kina betri na kipaza sauti chake ndani. Kingine ni kiungo tu cha mfumo mkubwa wa hotelini au benki. Kinataka waya, volti 24, na kisanduku kikuu ukutani ndipo kengele ilie. Ukikipachika hicho darini kwako peke yake, kitanusa moshi na kunyamaza hadi nyumba iishe. Mwambie muuzaji akifungue hapo hapo kaunta, aweke betri, abonyeze kitufe. Kikupasue masikio! Sauti inayotakiwa ni ya desibeli 85 ukiwa mita tatu kutoka nacho, na ukiisikia dukani hutaniuliza desibeli ni nini. Muuzaji asiyetaka boksi lifunguliwe, mwachie mzigo wake.

Kigeuze nyuma usome. Tafuta alama ya kiwango: EN 14604 ya Ulaya au UL 217 ya Marekani. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu chombo hiki kina umri. Baada ya miaka 10 kinastaafishwa hata kama kitufe bado kinalia, maana kichumba cha kunusia kimechoka kwa vumbi. Kilichokaa stoo ya duka miaka sita, hicho umenunua miaka minne.

Betri nayo iko ya aina mbili. Kuna ile ya mraba ya volti 9, ya kubadilishwa kila mwaka, na kuna ya lithiamu iliyofungwa humo humo kwa miaka 10. Ile ya mraba ina adui ndani ya nyumba, naye ni mtu mwenye redio au toi la mtoto lililoishiwa chaji. Nimeona ving'ora vilivyochomolewa betri kwa ajili ya kipaza sauti cha kwaya! Ukiweza, nunua cha betri iliyofungwa. Vipo pia vya kuunganishwa na umeme wa nyumba, na fundi atavisifia, lakini viwe na betri ya akiba. Umeme ukikatika ndipo mshumaa na koroboi vinapowashwa. King'ora kinachokufa pamoja na umeme kinakuacha saa ile ile ya hatari.

Na kwenu mlioko Njombe, Makete, Mbulu, Limuru, na kila mahali pa baridi: king'ora cha moshi hakinusi gesi ya mkaa. Jiko la mkaa lililokolea halina moshi, na kaboni monoksidi inamwagika chumbani kimya. Kiko chombo chake kingine cha kutambua gesi hiyo, kinunue ukiweza. Lakini kabla ya chombo, amri: jiko la mkaa linalowaka halilali chumbani na watu. Halilali! Mama, blanketi la pili kwa mtoto mchanga, jiko nje.

Sasa kukipachika. Moshi wenye joto unapanda, unagonga dari, kisha unatandaa. Kwa hiyo mahali pake ni darini, karibu na katikati, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa, maana kwenye kona hewa husimama na moshi huchelewa kufika. Ikibidi kiwe ukutani, kiwe kati ya sentimita 15 na 30 chini ya dari. Usikiweke karibu na pangaboi. Liachie mita moja kutoka ncha za mabawa, kwa sababu pangaboi linaufukuza moshi kabla haujanuswa. Kiyoyozi vivyo hivyo. Kikae mita tatu kutoka kwenye jiko. Jikoni penyewe usipachike cha moshi kabisa. Jikoni panafaa kile kinachohisi joto, kisichosumbuliwa na mvuke wala mafuta ya kukaangia.

Kazi ya mikono haifiki nusu saa. Kitako chake kina matundu mawili. Kiweke darini, tia alama kwa penseli, toboa. Dari likiwa zege, unahitaji drili na plagi za plastiki. Likiwa jipsamu, tafuta mbao iliyo nyuma yake kwa kugonga na vidole, sauti ikibadilika umeifikia. Jipsamu tupu haishiki skrubu miaka 10. Kaza skrubu mbili kwa bisibisi, pachika chombo kwenye kitako, kizungushe mpaka kilie "ta". Kisha ondoa kifuniko cha plastiki cha rangi kali kinachokinga vumbi. Simama hapo, kitazame kifuniko hicho! Nimekiona kimebaki mahali pake katika nyumba nzuri yenye vyumba vinne, mwaka mzima baada ya kuhamia, kwa sababu mafundi walikiacha wakati wa kupaka rangi na hakuna aliyepanda ngazi tena. Taa nyekundu ilikuwa ikimetameta kila dakika, familia ikaona salama imo. Moshi usingeingia humo hata kidogo.

Vingapi? Kimoja kila chumba cha kulala, kimoja kwenye korido nje ya vyumba, kimoja sebuleni, na kila ghorofa isikose chake. Najua hesabu hiyo inauma. Mfuko ukiwa na uwezo wa kimoja tu, kiweke kwenye korido nje ya vyumba vya kulala, kisha mwezi wa pili kinunuliwe kingine, kiende chumba cha watoto. Bei ya kimoja haifiki ya simu janja ya bei ya chini kabisa. Mwenye jumba la ghorofa, yeye anunue vinavyoongea pamoja bila waya, kimoja kikinusa moshi stoo ya chini, vyote vilie, hadi cha chumba cha baba juu. Kelele ya chini haivuki milango mitatu na kiyoyozi.

Lakini wengi wetu hatuishi kwenye jumba la ghorofa. Tunaishi nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, uani nyuma, na kila chumba ni mji. Chumba cha kwanza kuna fundi cherehani na marobota ya vitambaa. Cha pili kuna mama mwenye watoto wanne na mtungi wa gesi mlangoni. Cha tatu kijana anachaji betri za pikipiki. Kuta za ndani mara nyingi haziendi hadi bati, kwa hiyo moshi wa mmoja unapita juu na kuwafikia wote. Hapa hakuna anayeweza kusema moto wa jirani haunihusu, na hapa ndipo king'ora kinapokosa mwenyewe. Mwenye nyumba anakaa mtaa mwingine, huja kuchukua kodi ya miezi sita na kuondoka. Wapangaji wanasema, chombo ni cha nyumba, akinunue mwenye nyumba.

Mwenye nyumba wa kupangisha, simama! Mstari wa Kumbukumbu la Torati umekuandikia wewe kwa jina. Unachukua kodi ya vyumba sita. Toa sehemu ndogo ya kodi ya chumba kimoja, weka ving'ora viwili kwenye korido, kimoja kuelekea mbele na kimoja nyuma. Nanyi wapangaji, msimsubiri. Mnachangiana bili ya maji, mnachangiana umeme wa LUKU, mnachangiana msiba. Changeni king'ora. Kiwekwe mbele ya korido mbali na majiko, na majiko yatoke koridoni yaende uani, la sivyo kitalia kila jioni, na siku ya tatu mtu atakipiga ufagio.

Hapo ndipo dhambi kubwa ya jambo hili ilipo, kuliko hata kutonunua. Ni kukinyamazisha. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, nao walijua tabia yetu. Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la ghorofa 19 huko Bronx, New York, hita ya umeme ilishika moto. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto, wengi wa familia zenye asili ya Gambia, Waafrika wenzetu waliokwenda kutafuta riziki. Moto wenyewe haukufika mbali na nyumba ulimoanzia. Kilichoua ni moshi, uliopanda ngazi kwa sababu mlango wa nyumba ile ulibaki wazi. Na ving'ora vilikuwepo, na vililia! Lakini wakazi walisema baadaye kwamba ving'ora vya jengo lile vilikuwa na mazoea ya kulia ovyo, watu wakazoea kuvipuuza.

Kwa hiyo kikilia bila moto, usikichukie, tafuta sababu. Labda umepuliza dawa ya mbu karibu nacho. Labda ni ubani wa jioni, nao ni moshi kwelikweli. Labda mende au buibui ameingia ndani na kujenga; chukua brashi laini, ondoa vumbi na utando kila baada ya miezi kadhaa. Labda kiko karibu mno na jikoni. Kihamishe mita mbili. Kikitoa mlio mfupi mmoja kila baada ya muda, "tii", kisha kimya, kisha "tii", hicho kinaomba betri au kinakuaga kwa uzee. Wako watu wanaoishi na mlio huo miezi, wanaongea na simu juu yake, hata mgeni anauliza ni ndege gani. Kipeni betri! Na kila mwezi, siku ile unayolipa kodi au ada, chukua fimbo ya ufagio, bonyeza kitufe mpaka kilie. Usikipake rangi. Usikivike mfuko wa nailoni mafundi wakija, au ukikivika, fundi asilipwe kabla hajakivua.

Tuseme sasa kimelia kweli, saa nane za usiku, umeme umekatika. Utafanya nini? Wengi watasimama katikati ya chumba wakiuliza "nini hicho?" Muda wako ndio huo unaokwenda. Mtoto mdogo mara nyingi hataamka kabisa; watoto hulala juu ya kelele hiyo, imeshajaribiwa na imeonekana. Bibi naye, sauti nyembamba ndiyo ya kwanza kumpotea sikioni. Basi iamuliwe leo, mezani, kwa majina: nani anamchukua mtoto mdogo, nani anamgusa bibi, nani ana funguo. Milango ya vyumba ifungwe wakati wa kulala, maana mlango uliofungwa unazuia moshi kwa dakika za kutosha kukuokoa. Ukiamka, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue, nenda dirishani. Koridoni kukiwa na moshi, tambaa, hewa nzuri iko chini.

Na dirishani umeweka nini? Nondo zilizochomelewa pande zote nne! Baba, uliweka gereza ukaliita ulinzi. Mwite fundi wa kuchomelea, akate nondo za dirisha moja la kila chumba cha kulala, azitie bawaba na kufuli la ndani, ufunguo uning'inie msumarini kwa urefu ambao mtoto wa darasa la tatu anaufikia na mkono wa mwizi kutoka nje haufiki. King'ora kwa mtu aliyefungiwa kinamwamsha ili ajue tu kwamba anakufa. Mkishatoka, kutaneni mahali pamoja, kwenye mwembe au nguzo ya umeme, mhesabiane, kisha pigeni 114 kwa Zimamoto Tanzania, au 999 kwa Kenya na Uganda. Hakuna anayerudi ndani. Harudi kwa laptopu, harudi kwa hati ya kiwanja.

Bado sijamaliza, na hapa nasema na kanisa lenyewe, na nasema na ndugu zetu wa misikiti, maana wote tunamiliki shule za bweni. Bweni ni nyumbani kwa watoto mia. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, liliungua, wavulana 21 wakafa. Septemba 2020, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, wanafunzi 10 wa shule ya Kiislamu ya Byamungu walikufa kwa moto wa bweni. Machi 2001, shuleni Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Kyanguli moto uliwashwa kwa makusudi kwa petroli, na petroli haingoji king'ora. Pale kilichotakiwa zaidi ni milango, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Kila mara tunalia, tunafanya ibada ya kitaifa, tunaunda tume, kisha jioni ile ile matroni anazungusha kufuli kwa nje ili wasichana wasitoroke.

Mababa askofu, wachungaji, masheikh, wajumbe wa bodi: mzazi aliyekuachia mtoto wake hakukupa ruhusa ya kumfungia. Wekeni ving'ora vilivyounganishwa katika kila bweni, pamoja na kimoja chumbani kwa matroni. Kila bweni liwe na milango miwili inayofunguka kuelekea nje bila ufunguo. Fanyeni zoezi la kutoka usiku, si mchana mbele ya mgeni rasmi. Na katika kikao chenu kijacho, kabla ya ripoti ya fedha, liulizwe swali hili: saa nane za usiku, ufunguo wa mlango wa pili wa bweni uko kwa nani? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina kamili la mtu huyo na namba yake ya simu. Kama jina halipatikani, kikao kisiendelee. Wajumbe wote waende bwenini wakalivunje kufuli.